Kuchagua Tawi la Joka kwa Mweusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mchezaji wa sataranji anayetaka kucheza Joka katika Ulinzi wa Kisisilia lakini bado hajaamua ashike tawi lipi. Hatua zimeandikwa kwa herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni cheki, ! ni hatua nzuri, ? ni kosa, na nukta tatu (...) zinaonyesha hatua ya Mweusi. 0-0 ni kumficha mfalme upande wake mwenyewe, 0-0-0 ni kumficha upande wa malkia. Weka ubao mbele yako unaposoma, maana mengi hapa hayaeleweki bila kuona kete zilipo.

Joka linaanzaje, na kwa nini linahesabiwa kuwa kali?

Linaanza hivi: 1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 g6. Jina lilitokana na Fyodor Dus-Chotimirsky, mchezaji wa Urusi wa mwanzoni mwa karne ya 20 aliyependa pia elimu ya nyota. Aliona askari wa Mweusi waliopangwa d6, e7, f7, g6 na h7 wakifanana na kundinyota la Joka.

Ukali wenyewe unatoka kwenye Shambulio la Yugoslavia: 6.Be3 Bg7 7.f3 0-0 8.Qd2 Nc6. Mweupe anamficha mfalme upande wa malkia, Mweusi ameshamficha upande wa pili, na kila mmoja anaweza kurusha askari wake kwa mwenzake bila kumvua mfalme wake nguo. Mpango wa Mweupe haufichiki: h4, h5, Bh6 ili kubadilishana askofu wa g7, kufungua safu ya h, kumwondoa farasi wa f6 kwa Nd5, kisha malkia anaua h7. Mweusi naye ana safu ya c iliyo wazi na askofu wa g7 anayepiga mshazari mrefu hadi b2. Atakayechelewa hatua moja ndiye anayekufa.

Nachagua tawi kwenye hatua ya ngapi hasa?

Baada ya 8...Nc6. Hapo Mweupe ana njia kuu mbili, 9.Bc4 na 9.0-0-0, na majibu yake hayafanani hata kidogo. Wengi hujifunza tawi moja zuri dhidi ya 9.Bc4, kisha mpinzani anacheza 9.0-0-0 nao wanaendelea na 9...Bd7 kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika kitu kikubwa: 9.Bc4 inazuia d5, 9.0-0-0 haizuii.

Ipo pia 9.g4, ambayo huonekana mara chache. Jibu la kutosha ni 9...Be6.

Mpinzani akicheza 9.0-0-0, ni lazima nicheze 9...d5?

Si lazima, ila ndiyo hoja bora ya Joka zima na tunaihimiza. Mweusi anatoa askari ili kufungua katikati kabla shambulio la Mweupe halijaondoka mahali pake. Mfuatano mkuu ni 10.exd5 Nxd5 11.Nxc6 bxc6. Sasa Mweupe ana uamuzi.

Akila, 12.Nxd5 cxd5 13.Qxd5, jibu ni 13...Qc7! na ngome ya a8 inaachwa iliwe. Baada ya 14.Qxa8 Bf5! mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja: ngome ya f8 inamtazama malkia aliyeko a8, na malkia wa Mweusi anatishia kuua c2. Mweupe hana budi kucheza 15.Qxf8+ Kxf8, na anabaki na ngome mbili dhidi ya malkia huku mfalme wake akiwa uchi. Wengi wa Mweupe wanalijua hili, kwa hiyo wanarudi nyuma kwa 14.Qc5 badala ya kula.

Asipokula, hucheza 12.Bd4 ili kumwondoa askofu wa g7. Hapo chagua moja kati ya mbili. 12...e5 13.Bc5 Be6! inamruhusu Mweupe ale ngome ya f8 kwa askofu wake. Akifanya hivyo, askofu wako wa mraba mweusi hana mpinzani na unapata nafasi zaidi ya kutosha, ndiyo maana wengi huacha kula na kucheza 14.Ne4. Njia ya pili ni 12...Bxd4 13.Qxd4 Qb6, tulivu zaidi, ambayo mara nyingi huelekea mwisho wa mchezo ulio sawa. Anayeogopa kukariri aanze na hii ya pili.

Kumbuka pia 10.Qe1, inayomwondoa malkia kwenye safu ya d kabla haijafunguka. Jibu lake ni 10...e5 11.Nxc6 bxc6 12.exd5 Nxd5.

Na akicheza 9.Bc4? Hapa ndipo nasikia kuna matawi mengi.

Ndivyo. Karibu yote huanza na 9...Bd7 10.0-0-0, kisha yanaachana:

- Soltis: 10...Rc8 11.Bb3 Ne5 12.h4 h5
- Topalov: 10...Rc8 11.Bb3 Nxd4 12.Bxd4 b5
- Joka la Kichina: 10...Rb8

Mawili ya kwanza yanapita njia moja hadi 11.Bb3, kwa hiyo aliyejifunza Topalov anaweza kuongeza Soltis baadaye bila kubadili mwanzo wake.

Kwa nini Soltis anacheza h5 mbele ya mfalme wake? Si ni kumfungulia mlango?

Inaonekana hivyo, lakini inafanya kinyume. Ukimwacha Mweupe acheze h5 mwenyewe, ama utakula kwa Nxh5 au utaacha safu ya h ifunguliwe bure. Ukila, g4 inamrudisha farasi wako na ngome ya h1 inaona h7 moja kwa moja. Ukiweka askari wako h5, Mweupe lazima aandae g4 kwa taabu na atoe askari ndipo afungue njia.

Mchezo wa kusoma hapa ni wa pili katika fainali ya wagombea, Moscow 1974, Karpov dhidi ya Korchnoi. Korchnoi alicheza mfumo wa zamani bila h5: 12...Nc4 13.Bxc4 Rxc4 14.h5 Nxh5 15.g4 Nf6, na Karpov akajibu 16.Nde2! Simama hapo uitazame hatua hiyo. Farasi wa d4 alikuwa amelindwa vya kutosha, wala hatua yenyewe haitishi kitu. Anarudi nyuma kumlinda mwenzake wa c3, ili Mweusi asiweze kutoa ngome kwa Rxc3, silaha yake kuu. Baadaye 19.Rd3 ikaongeza ulinzi wa c3 na kumwachia farasi wa e2 uhuru wa kwenda f4. Mchezo uliisha kwenye hatua ya 27. Ukielewa kwa nini 16.Nde2 ni hatua ya kushambulia, umeelewa nusu ya Shambulio la Yugoslavia.

Katika Soltis yenyewe, jibu kali la Mweupe ni 13.Bg5, na Mweusi anajibu 13...Rc5! Ngome hiyo inafanya kazi tatu: inalinda d5 ili Nd5 isiwe bure, inasaidia b5, na farasi wa e5 akiondoka inamtazama askofu wa g5 kwenye mstari wa 5. Mwendelezo mmoja wa kujua ni 14.g4 hxg4 15.f4 Nc4 16.Qe2 Qc8.

Ukikutana na 12.Kb1 badala ya 12.h4, usicheze h5 kwa mazoea. Hakuna askari wa h4 wa kuzuia bado. Jibu zuri ni 12...Re8: linalinda e7 mapema, na Bh6 ikija unarudisha askofu wako h8 badala ya kumbadilisha.

Kasparov aliliamini Joka kiasi cha kulitumia dhidi ya Anand kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, New York 1995. Katika mchezo wa 11 walifika kwenye Soltis na Anand akacheza 13.Kb1. Kasparov akajibu 13...Nc4 14.Bxc4 Rxc4. Malkia walibadilishwa, na Mweusi akashinda kwa hatua 31. Ni mfano mzuri wa kwamba Joka halihitaji kumuua mfalme ndipo lishinde. Shinikizo la safu ya c huendelea hata malkia wakiondoka.

Tawi la Topalov lina faida gani?

Unapunguza kete mapema. Kwa 11...Nxd4 12.Bxd4 b5 unaondoa farasi wa d4, na askofu wa d7 sasa anamlinda askari wa b5, kwa hiyo 13.Nxb5 inapoteza farasi kwa 13...Bxb5. Kitisho chako ni a5, kisha a4 na b4, ukiwafukuza askofu wa b3 na farasi wa c3 mmoja baada ya mwingine.

Jibu kuu la Mweupe ni 13.Nd5 Nxd5 14.Bxg7 Kxg7 15.exd5 a5. Angalia askofu wa b3: mbele yake d5 kuna askari wake mwenyewe, a2 kuna askari wake mwingine, na c4 inalindwa na b5. Kwa hiyo a4 inatishia kumnasa, na kwa kawaida Mweupe hucheza 16.a3 ampatie mraba wa a2. Hapo shambulio la kumuua mfalme wako limekwisha. Kilichobaki ni udhaifu wa e7 kwenye safu iliyo nusu wazi. Mweupe ataleta Rhe1 na kusukuma, wewe utalinda kwa Re8 na kutafuta michezo kwa Rc5, b4 na Qb6.

Hasara yake ni hiyo hiyo: Mweupe ana nafuu kidogo na hahatarishi chochote. Asiyependa kulinda askari mmoja kwa hatua 20 ataona tawi hili linachosha.

Kosa la kawaida ni kuchelewesha a5. Ukiweka hatua ya kuzubaa katikati, kama Qb6 mapema, askofu wa b3 anapata njia na e7 inabaki mzigo bila malipo yoyote.

Joka la Kichina ni la kweli au la kushtukiza tu?

Ni la kweli, lakini nguvu yake kubwa ni kwamba wachezaji wengi wa Mweupe hawajalisoma. Ngome ya b8 inasaidia b5 moja kwa moja, hata kwa kutoa askari ili safu ya b ifunguke mbele ya mfalme. Baada ya 11.Bb3 unacheza 11...Na5, unafungua njia ya askofu wa d7, kisha b5 na Nc4.

Tatizo ni kwamba umeacha safu ya c, na pamoja nayo ile kafara ya Rxc3. Mweupe akikataa kula b5 na kuendelea na shambulio lake kwa utulivu, unabaki na ngome iliyoko b8 na safu ambayo bado imefungwa. Litumie kama tawi la pili.

Basi nichague lipi?

Kama una muda mchache wa kusoma, chukua Topalov dhidi ya 9.Bc4 na 9...d5 yenye 12...Bxd4 dhidi ya 9.0-0-0. Ni mzigo mwepesi kuliko yote katika Joka, na unakufundisha mambo ya msingi bila kukutia kwenye hatari ya kuuawa hatua ya 20 kwa sababu umesahau mstari mmoja.

Kama unataka vita kamili na uko tayari kukariri hadi hatua ya 18 au 20 katika mistari minne au mitano, Soltis ndiyo yenye utajiri. Inamlipa anayeelewa. Asiyeelewa inamwadhibu siku hiyo hiyo.

Usijifunze yote matatu kwa pamoja. Mawazo yake yanagongana: katika Soltis farasi wa c6 anakwenda e5 na c4, katika Topalov anabadilishwa, katika Kichina anakwenda a5. Anayechanganya hujikuta na ngome ya tawi moja na farasi wa tawi jingine.

Ni lini nitoe ngome kwa Rxc3?

Hili ndilo swali la Joka kuliko yote. Kwa hesabu ya kawaida unatoa 5 unapata 3, na mara nyingi unaongeza askari mmoja, hivyo unabaki nyuma kwa kama 1. Hiyo 1 lazima ilipwe na hali ya mfalme wa Mweupe. Jiulize haya:

Je, Mweupe analazimika kujibu bxc3? Akiweza kujibu Qxc3 na malkia akakaa salama, kafara imepungua thamani kwa nusu. Ndiyo maana wakati mzuri kuliko wote ni baada ya Bh6 Bxh6 Qxh6: malkia amevutwa mbali na c3, na Rxc3! bxc3 Qa5 inakuja kwa nguvu, ikifuatwa na ngome ya pili kwenye c8.

Je, malkia wangu anafika a5 au a3 kwa hatua moja? Ukihitaji hatua mbili, Mweupe ana nafasi ya kujipanga.

Je, askari wa f3 bado yupo f3? Watu wengi hudhani Rxc3 inaangusha e4 papo hapo. Haiangushi kama f3 bado ipo, kwa sababu fxe4 inamla farasi wako. Ila kama Mweupe ameshasukuma f4, askari wa e4 amepoteza walinzi wake na farasi wa f6 anamla.

Kisha tazama upande wako mwenyewe. Kama safu ya h imeshafunguka na malkia wa Mweupe yuko h6, hesabu kwanza kama Nd5 au g5 hainyang'anyi mlinzi wako wa f6 kabla hujafika.

Nimecheza Qa5 na nikapoteza askari wa e7. Nini kilitokea?

Malkia wako a5, wa Mweupe d2, mfalme wake b1, wako g8. Mweupe anacheza Nd5, na malkia wawili wanatazamana. Unakula, Qxd2, ukidhani mnabadilishana tu, lakini Mweupe hali malkia wako mara moja: kwanza Nxe7+ kwa cheki, na baada ya mfalme kusogea ndipo Rxd2. Askari amekwenda, na farasi wa e7 huenda akala na ngome yako iliyoko c8.

Dawa ni moja kati ya mbili: linda e7 kwanza kwa Rfe8, au hakikisha mfalme wako hayupo g8. Akiwa g7, kama ilivyokuwa kwa Kasparov mwaka 1995, Nxe7 si cheki tena. Kumbuka tu kwamba mfalme wa Mweupe akiwa bado c1, Qxd2 yako yenyewe ni cheki na mtego haupo. Ndiyo sababu moja ya Mweupe kupenda Kb1.

Kuna mitego ya mapema ya kuogopa?

Miwili. Wa kwanza: baada ya 6.Be3 usicheze 6...Ng4. Inakuja 7.Bb5+ na ukiziba kwa 7...Bd7 askofu wako amefungwa, hivyo 8.Qxg4 inakula farasi bure.

Wa pili ni 6.f4. Ukijibu 6...Bg7 inakuja 7.e5, na kula ni balaa: 7...dxe5 8.fxe5 Ng4 9.Bb5+, na 9...Kf8 inapigwa na 10.Ne6+ ambayo inampata malkia. Hapo jibu sahihi ni 7...Nh5. Bora zaidi, epuka jambo zima kwa 6...Nc6.

Je, Joka la Kasi haliondoi matatizo haya yote?

1.e4 c5 2.Nf3 Nc6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 g6. Unahifadhi d6 ili usukume d5 kwa hatua moja. Mweupe akijaribu Shambulio la Yugoslavia bila kufikiri anaumia: 5.Nc3 Bg7 6.Be3 Nf6 7.Bc4 0-0 8.f3? Qb6! na 9.Bb3 inajibiwa na 9...Nxe4!

Lakini kuna bei. Mweupe anaweza kucheza 5.c4 na kuweka askari c4 na e4, akizuia d5 kabisa. Hii ni Kamba ya Maroczy, na aliyekimbilia hapa akitafuta vita atajikuta amebanwa. Mfumo unaoeleweka kwa urahisi ni 5...Nf6 6.Nc3 d6 7.Be2 Nxd4 8.Qxd4 Bg7, kisha 0-0, askari a5, na Nd7-c5. Unacheza kwa subira, ukitaka kubadilishana kete kwa kuwa aliyebanwa hupumua kete zikipungua.

Na hata hapa mitego ipo. Katika ubingwa wa Marekani wa 1958/59, Fischer alicheza 8.Bb3, Reshevsky akajibu 8...Na5?, ikaja 9.e5 Ne8 10.Bxf7+! Kxf7 11.Ne6! Malkia wa Mweusi hana pa kwenda, na mfalme akila, 11...Kxe6 12.Qd5+ Kf5 13.g4+ inamwua.

Na Dragadorf?

Ni mchanganyiko na Najdorf, tawi jingine la Kisisilia: 7.f3 a6 8.Qd2 Nbd7, kisha b5, huku mfalme akibaki katikati ili h4-h5 isimpate mtu. Inafaa anayeijua Najdorf tayari. Kwa mwingine yeyote, mfalme wa e8 huwa mzigo.

Mweupe asiyecheza Yugoslavia je?

6.Be2 Bg7 7.0-0 0-0 8.Be3 Nc6 9.Nb3 Be6 ni mchezo wa kawaida. Tafuta d5, au a5 na shinikizo la safu ya c. Hatari ni ndogo. Kinachosumbua zaidi ni wapinzani wasiokufikisha kwenye Joka kabisa: 2.c3, 3.Bb5+, na 2.d4 cxd4 3.c3. Andaa jibu moja kwa kila moja kabla hujazama kwenye Soltis, maana katika michezo ya klabu utazikuta mara nyingi sana.

Programu inaonyesha Mweupe yuko juu karibu kila mahali. Niache?

Usiache kwa sababu hiyo. Programu inapendelea nafasi ya Mweupe kwa kuwa inapata hatua sahihi kila mara, hata zile tulivu za aina ya 16.Nde2 ambazo binadamu huziruka. Itumie kwa kazi nyingine: chukua nafasi uliyopoteza, itafute hatua ya kwanza ambapo alama ilishuka ghafla, kisha ueleze kwa maneno yako kilichobadilika. Kama huwezi kueleza, hujaijua bado, hata ukiikariri.

Nianze kusoma kwa mpangilio gani?

Kwanza 9.0-0-0 d5, kwa kuwa inafundisha kwa nini katikati ni muhimu. Pili tawi lako moja dhidi ya 9.Bc4, hadi hatua ya 15, kila hatua ikiwa na sababu yake iliyoandikwa pembeni. Tatu, nafasi kumi hivi za Rxc3, zile zinazofanya kazi na zile zisizofanya kazi zikiwa zimechanganywa, uzitatue bila programu. Baada ya hapo cheza michezo ya dakika 15 au zaidi kwa kila mtu. Ya dakika 3 haifai kwa kujifunzia Joka, kwa sababu utashinda kwa mitego ambayo mpinzani mwenye muda asingeingia, na mazoea hayo mabaya utakuja nayo kwenye mashindano.